Shaabani ya Mwaka Gani

Koboko, katikati ya Rajabu, mwaka wa elfu moja mia tatu tisini na tisa tangu Mtume ahame.

Khamisi mwanangu,

Mimi ndiye mwanamke mwenye bahati kuliko wote Koboko, na asiyeamini aje anitazame usoni. Wiki hii nimeona wakubwa wenye nyota mabegani wakigombania kuning'inia nyuma ya lori kama ndizi. Mimi lori linanifuata mlangoni. Dereva ananijua tangu nilipokuwa na meza sokoni Arua, na kitenge alichovaa binti yake siku ya harusi kilitoka mkononi mwangu. Ameniapia kwamba mwezi wa Shaabani ukiandama tu, atakuwa amerudi kutoka Sudani. Atasimama hapa kwenye mlango wetu, na kitanda cha Haboba kitapandishwa juu kizima kizima, bibi yako akiwa amelala ndani yake kama malkia. Mimi nitakaa mbele. Nitashusha kioo, nitoe kiwiko nje, niwapungie mkono wote waliosema Mama Khamisi ana mdomo tu.

Hivyo ndivyo nilivyokuambia leo baada ya swala ya adhuhuri, wewe ukiwa umekaa kizingitini umekunja mikono.

"Siendi, Mama. Nitaachaje watu wawili hapa, mmoja hata kusimama hawezi?"

"Tutakufuata na lori."

"Lori iko kweli?"

"Iko."

"Apa."

Nikaapa. Ndipo ukainuka ukaanza kufunga mzigo. Na Haboba kutoka chumba cha ndani akapiga kelele kwamba hatapanda lori la mtu yeyote kama halina mto wa kichwa.

Sasa umelala kwenye mkeka na viatu miguuni kama askari wa zamu. Baba yako alilala hivyo hivyo. Alfajiri mtaondoka na Mama Zaituni wa nyumba ya pili na watoto wake, kwa miguu mpaka Oraba mpakani, kisha mvuke muingie Kaya, upande wa Sudani. Wale askari wa kusini waliokuja kuiangusha serikali wameshaingia Arua. Hao wanaokuja hawamuulizi kijana wetu kama aliwahi kushika bunduki. Wanatazama sura, wanauliza jina, basi. Una miaka kumi na saba na mabega ya baba yako, na kwa macho yao wewe ni askari hata ukiwa umebeba kuku. Kwa hiyo unaondoka.

Barua hii nitampa Mama Zaituni. Nimemwambia asikupe mpaka mmevuka, mmekaa chini na mmekula. Mambo ya kuchemsha maji na kuosha soksi sitayaandika hapa. Mama Zaituni ana mdomo wa kuwatosha watoto wa nchi mbili, atakuambia yote mpaka utamani kuwa kiziwi.

Umeona nilivyoandika tarehe kule juu? Usicheke. Najua mimi nilisoma chuo mpaka juzuu ya Amma, na shule ya misheni mpaka darasa la tatu, nikaolewa kabla sijajua kugawanya. Kugawanya nilijifunza baadaye, kwa kukata vitambaa. Lakini habari ya tarehe naijua kuliko karani wa wilaya, kwa sababu alinifundisha Faki Mursali, mwalimu wetu wa Kurani. Wewe ulimwogopa kwa ajili ya fimbo yake. Mimi nilimpenda kwa ajili ya hadithi zake.

Faki alisema Waarabu wa zamani walikuwa na miezi lakini miaka yao haikuwa na namba. Mwaka waliuita kwa jambo lililotokea. Mwaka aliozaliwa Mtume unaitwa Mwaka wa Tembo, kwa sababu jeshi lilikuja na tembo kubomoa Kaaba. Nikamwambia, "Faki, kumbe hao ni watu wa Koboko!" Maana mimi nilizaliwa mwaka wa nzige, shangazi yako mwaka wa homa ya shingo, na wewe mwaka maji yalipochukua daraja. Namba hatuna, na bado kila mtu anajua nani amwamkie nani.

Hata Mtume alipohamia Madina, na alipokufa, bado miaka haikuwa na namba. Wakaja makhalifa, nchi ikawa kubwa, barua zikawa nyingi. Gavana mmoja kule Iraki akamwandikia khalifa wa pili: barua zako zinatufikia bila tarehe, hatujui ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, tufuate ipi? Tena wanasema khalifa mwenyewe aliletewa hati iliyoandikwa Shaabani tu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akauliza: Shaabani ipi? Iliyopita, hii tuliyo nayo, au ile inayokuja?

Faki akifika hapo alikuwa akicheka mpaka anakohoa. "Ya binti, Misri iko mkononi, Shamu iko mkononi, na mutu hajui Shaabani gani!"

Mimi pia nilicheka. Leo usiku hadithi hiyo hainichekeshi, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Kuna jambo moja la nyumba yetu unalijua nusu. Nataka ujue zima.

Mtaa wote unaamini baba yako ndiye alikuwa na macho ya mwezi. Kila Ramadhani ikiingia na ikitoka, watu walikuja mlangoni: "Sajini ameona?" Mwanangu, baba yako alikuwa hauoni mwezi hata ukiwa sinia. Miaka ishirini ya kuhesabu maboksi kwenye stoo yenye giza ilimmaliza macho. Macho yalikuwa yangu. Lakini Faki alitaka ushahidi wa mwanamume, kwa hiyo tulipanga hivi. Jua likizama tulikwenda nyuma ya choo, pale ambapo hakuna nyumba na unaona mpaka vilima vya Zaire. Mimi nilimshika kidevu nikamgeuza.

"Pale. Juu ya ule mti mkavu, kushoto kidogo."

Akakodoa. Akakodoa tena. "Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona kwamba wewe umeona."

Halafu akavaa kanzu, akaenda msikitini kuapa kwa sauti ya gwaride. Hatukuwahi kukosea. Miaka yote ile, mwezi wa Koboko ulikuwa unapita kwenye macho yangu na kutokea kwenye mdomo wake, na hakuna ndoa niliyoiona ikienda vizuri kuliko hiyo.

Sasa mwaka jana. Unakumbuka ulikuwa Arua kwa shangazi yako, shule. Baba yako alipata ruhusa ya kuja nyumbani kumaliza Ramadhani. Ruhusa ya jeshi haifuati mwezi wa mbinguni, inafuata kalenda ya kambi. Ilikuwa inaisha siku ile ile ambayo Idd ingekuwa, kama mwezi ungeonekana jioni ya kabla yake. Angesali, angekula na sisi, na mchana angepanda gari la kambi. Kama mwezi usingeonekana, basi, angeondoka asubuhi na mapema na lori la kwanza, akiwa amefunga, akafungulie njiani.

Na mimi nilikuwa nangoja vitenge. Unamjua Papa Anselmi, yule Mkongo mwenye kofia ya majani aliyeniletea mali kutoka Ariwara kwa baiskeli. Nusu ya wanawake wa Koboko walikuwa wameshachagua rangi zao kwangu. Nilikuwa nimejisifu, unanijua: mwaka huu mtavaa kitu ambacho hata Kampala hakijafika. Mvua ikanyesha, na Papa Anselmi akatuma mtu: "Mwambie Mama barabara iko matope tupu. Kesho jioni mimi iko kwake."

Kesho jioni! Kitenge cha Idd kikifika Idd imekwisha kinakaa sandukuni kinakutazama.

Jioni ile mawingu yalikuwa mazito. Tulisimama nyuma ya choo, baba yako na kanzu yake tayari begani. Mawingu yakafunuka, kidogo tu, kama mtu anayefungua pazia kuona nani anabisha. Nikauona. Mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali juu ya vilima. Pazia likafungwa.

"Umeona?" baba yako akaniuliza.

Khamisi, sikufikiri. Watu watakuambia shetani huja akazungumza kwanza. Mimi hakuzungumza na mimi mtu yeyote. Niliona vitenge tu, rundo lote, kile cha bluu juu.

"Sijaona," nikasema.

Wakati huo huo jirani akaja mbio kutoka kwenye redio. Kampala imetangaza, Idd ni kesho! Watu wakajaa msikitini. Faki Mursali akasimama mlangoni na fimbo yake. "Redio iko na macho? Redio ilisimama wapi ikaona? Sajini, wewe umeona?"

Na baba yako, pale mbele ya watu wote, akasema, "Redio ni ya serikali. Macho ni ya mke wangu. Kama Mama Khamisi hajaona, mwezi hakuna."

Aliwaambia siri yetu, mwanangu. Alijivunia. Watu wakacheka, wakapiga makofi, hata Faki akainamisha kichwa akicheka. Na mimi nilikuwa nimesimama upande wa wanawake, nasikia, na sikufungua mdomo. Mdomo huu ambao haujawahi kufungwa tangu mwaka wa nzige.

Arua waliswali asubuhi yake. Koboko tulifunga.

Aliondoka kabla jua halijatoka. Nilimkunjia mikate ya gurusa kwenye kitambaa, mitamu, na samli nyingi. Aliinusa. Alikuwa na njaa, nilimwona. Nikafungua mdomo nimwambie kula, leo ni Idd, kula hapa hapa tukuone. Lori likapiga honi.

"Nitaila magharibi," akasema. "Fungu langu la Idd kula wewe. Usimpe Haboba, ameniita kipofu."

Akapanda. Papa Anselmi alifika alasiri na vitenge vyote. Vikaisha kabla ya jua kuzama, sijapata kuuza hivyo. Asubuhi ya pili ukaja wewe kutoka Arua, na viatu vyako vipya, unauliza ukiwa bado njiani: "Mama! Sisi tumesali jana! Baba iko wapi?"

Nilikuambia ameitwa mapema. Sasa unajua.

Hazikupita wiki nyingi vita ikaanza kule kusini. Alipelekwa. Mtu mmoja alisema alimwona njia ya Masaka, anatembea, hana bunduki. Mwingine alisema si yeye. Hapo ndipo habari inapoishia, na mimi sina kaburi wala barua. Nina siku ile ya Idd ambayo aliondoka tumbo tupu, kwa sababu mkewe alitaka kuuza nguo.

Faki Mursali alijua. Jioni ya pili mwezi ulipotoka mbele ya watu wote, ulikuwa umepanda juu, mnene, hauna haraka ya kuzama. Faki akautazama akasema polepole, "Mwezi huu umezaliwa na meno." Hakuniangalia. Siku chache baadaye nikampelekea kipande cha kitenge, zawadi. Alikiweka magotini na hakukifungua. Akanihadithia habari ya watu wa kuahirisha.

Katika miezi kumi na miwili, alisema, minne ni mitukufu, damu haimwagwi. Mitatu imefuatana: Dhulkaada, Dhulhija, Muharamu. Wa nne uko peke yake, mbali na wenzake, nao ni Rajabu. Sasa Waarabu wa zamani walikuwa wanaishi kwa kuvamiana, na miezi mitatu bila kuvamia ni njaa. Basi kukawa na watu wenye kazi hiyo. Mahujaji wakikusanyika, mmoja wao anasimama anatangaza: mwaka huu nimeuhamisha utukufu wa Muharamu, nimeuweka kwenye mwezi wa Safar. Wote wanaitikia, wanakwenda kupigana Muharamu roho safi. Wengine wanasema si vita tu, na biashara pia. Kila miaka michache walichomeka mwezi mzima wa ziada, ili hija isizunguke na majira, iangukie wakati soko limechangamka na mali imefika.

"Mali imefika," Faki akarudia.

Nikakitazama kile kitenge magotini mwake.

"Mtume alikataza katika hija yake ya mwisho. Akasema wakati umerudi kama ulivyokuwa siku mbingu na ardhi zilipoumbwa. Miezi ni kumi na miwili, hakuna wa kuhamisha, hakuna wa kuchomeka. Ndiyo maana Ramadhani inatembea, ya binti. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo inarudi nyuma kidogo kila mwaka. Inatukuta kiangazi na vumbi, inatukuta masika na matope. Haimngoji mutu yeyote."

Halafu akanirudishia kitenge changu. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Tangu siku hiyo nimejitazama vizuri, na nakuambia, mwanangu, yule mtu anayesimama mbele ya mahujaji nilikuwa mimi maisha yangu yote. Vita vyote nilivyotaka kupigana nilihamisha miezi kwanza. Nilipogombana na mama yangu nilisema tutapatana mazao yakitoka. Yakatoka, nikasema ngoja mvua. Alikufa kwenye mvua hiyo. Baba yako kila mwaka alisema twende Makka, na kila mwaka nikasema mwaka ujao, biashara ikisimama. Wewe ulipotaka kuacha shule ya Arua urudi nyumbani, ulilia, nikasema muhula ujao. Nilikuwa nacheka na watu wote, nawapa chakula watu wote, na kila aliyenihitaji nilimpa tarehe ya mbele. Watu wananiita mkarimu. Nilikuwa mkarimu wa kila kitu ila siku ya leo.

Sikuambii hivi ili uwe mtu mzuri. Wewe ni mzuri tayari, umetoka kwa baba yako. Nakuambia kwa sababu ninajua mahali pamoja tulipofanana: ukiogopa, unafanya mzaha. Niliona leo ulipomwambia Haboba utamletea mume wa Kidinka mwenye ng'ombe mia. Alicheka mpaka akakosa pumzi. Ulikuwa unatetemeka. Ukipata mtu huko mbele, mke au rafiki, tetemeka mbele yake waziwazi, akuone. Mimi nilimchekesha baba yako miaka ishirini na hakuwahi kuniona nikitetemeka, na siku niliyopaswa kusema neno moja sikuwa na mazoezi.

Wiki iliyopita, kabla Faki hajaondoka, nilikwenda kumuaga. Alikuwa anafunga misahafu kwenye gunia la kahawa. Nikamwambia, "Faki, sasa ni Rajabu. Damu haimwagwi. Hao wanaokuja na mizinga wanajua?"

"Na wetu walijua?" akasema. "Walipovuka mto kule kusini kuwaingilia wenzao, ilikuwa Dhulkaada. Nani hapa Koboko alisimama akasema? Mimi sikusema. Tulipiga vigelegele, ya binti. Wewe pia."

Nilipiga. Kwa sauti kubwa kuliko wote, unakumbuka.

Nikamuuliza swali lililokuwa linaniwasha. Wale wakubwa walipokaa kuutafutia mwaka namba, kwa nini hawakuanzia siku ya ushindi, siku Makka ilipofunguliwa? Serikali zote zinahesabu hivyo. Hii yetu ilikuwa inahesabu tangu asubuhi askari walipochukua redio. Faki akakaa juu ya gunia. Akasema walibishana. Wengine walitaka kuzaliwa kwa Mtume, wengine kufa kwake. Mwisho wakakubaliana na mwaka aliohama, mwaka watu walipofunga milango yao Makka wakaondoka na walichoweza kubeba. Na hata hapo hawakuanzia siku yenyewe ya safari. Walirudi nyuma mpaka Muharamu, mahujaji wanapokuwa wamefika majumbani kwao.

"Kwa hiyo tarehe yetu inaanza na watu wanaoondoka," akasema, na akanitazama kama aliyenipa dawa.

Ningependa kukuambia ilinisaidia. Ingekuwa barua nzuri, ningeishia hapo, na wewe ungetembea huko Sudani kifua mbele. Lakini nilimwambia Faki na nakuambia wewe: wale waliohama walikuwa na watu wa Madina wanawangoja barabarani, wamefagia nyumba. Nani ametufagilia sisi Kaya? Babu wa babu yako alikuja huku kwa njia hiyo hiyo kutoka Sudani, na bunduki ya watu wengine begani, anaimba. Sasa mjukuu wake anarudi na sufuria. Mwaka gani unaanza hapo? Faki aliinuka akafunga mdomo wa gunia. Alipanda kwenye keria ya baiskeli ya mwanafunzi wake, akashika gunia lake, wakaenda. Fimbo alisahau. Iko hapa nyuma ya mlango.

Nje mwezi umejaa, mweupe, unaona hata mawe ya barabarani. Utawaonyesha njia. Na utawaonyesha wengine nyinyi mko wapi, kwa hiyo tembeeni upande wa majani. Nilisema sitatoa maagizo. Hilo moja tu.

Umegeuka sasa hivi usingizini, ukasema kitu. Nimekuja karibu kusikia. Umesema, "Kiwiko nje." Unaota lori langu.

Nimekufunika shuka, nikarudi kwenye kalamu.

Khamisi, ukishamaliza kusoma utataka kurudi. Kutoka Kaya si mbali, najua, na miguu yako ni mizuri. Usirudi. Ukirudi watakukuta barabarani, na mimi nitakuwa nimesema uongo bure. Kaa na Mama Zaituni, endelea mbele naye. Haboba hawezi kubebwa, tulijaribu juzi mimi na Mama Zaituni, alipiga kelele mpaka tukamrudisha, na simwachi. Mama yangu nilimwahirisha. Huyu ni mama wa mume wangu, anapumua chumba cha ndani, na sitamwahirisha. Nimekaa naye leo. Nimemkaangia yai. Amesema halina chumvi.

Nilikuambia Shaabani. Sikusema ya mwaka gani, na wewe hukuuliza, kwa sababu ulitaka kuamini. Ungekuwa khalifa ungeigeuza hati ile, ungeuliza. Mwandamo huo ukifika, mtu asikuone umesimama kando ya barabara unatazama magari yanayotoka Oraba. Jioni hiyo tazama juu tu. Kama una macho yangu utauona wa kwanza, na ukiuona, mwanangu, sema. Hata kama hakuna anayekuuliza.

Yule dereva alipita hapa Jumanne. Alikuwa amepakia makochi ya mkubwa wake na friji, na mbuzi wawili juu ya friji. Nilisimama katikati ya barabara nikamwita kwa jina. Alinikwepa. Hakushusha hata kioo.

Hakuna lori. Halikuwepo leo nilipoapa, na Shaabani halitakuwepo, ya mwaka huu wala ya mwaka mwingine. Sina bahati, Khamisi. Nilisema ninayo ili uende.

Mama yako.